Moto Chini ya Kiti cha Maman Nsimire

Wiki iliyopita mdogo wangu aliacha kambambili yake, ndala ya mpira, karibu na mbabula, jiko letu la makaa, makala yakaila upande mmoja. Nyumba nzima ikacheka. Maman akasema huyu mtoto anataka kutupikia mpira na bugali. Siku nyingine ningekuwa wa kwanza kuongeza la kwangu, maana mimi, kwa wale msionijua, ndiye yule msichana ambaye préfet, mkuu wa shule, alimhamishia benchi ya mbele kabisa "nikuone vizuri unapoharibu". Lakini ile harufu ya mpira unaoungua polepole, tamu kidogo halafu chungu kooni, ilinifunga mdomo. Nikatoka, nikasimama karibu na pipa la maji ya mvua mpaka ikaisha. Maman akanifuata. "Kasuku, uko mugonjwa?" Nikamwambia moshi umeniingia machoni. Akakubali. Watu hukubali haraka ukiwapa sababu yenye moshi ndani.

Kasuku ni jina la nyumbani. Nilipewa kwa sababu nilianza kusema mapema na sikuwahi kupumzika. Ajabu yake ni kwamba neno moja tu lililokuwa na maana katika utoto wangu wote, hilo ndilo nililolikalia kama kuku anavyokalia yai. Na ninyi tuliokula utoto pamoja, mkicheka mahali, chekeni tu. Mimi mwenyewe nilicheka wakati huo, na hiyo ndiyo sehemu mbaya kuliko zote.

Tulikuwa na jeep. Yaani, ilikuwa ya tonton Zihindula, kaka mkubwa wa papa, ila katika lupango mmoja, ua wetu wa pamoja, cha mmoja ni cha wote, hasa kama kina magurudumu. Ilikuwa kijani, kijani cha sombe la juzi, yale majani ya muhogo yaliyopikwa, na mlango wa nyuma ulifungwa kwa kamba ya katani. Sisi tulikaa nyumba ya juu, tonton na mke wake maman Nsimire nyumba ya chini, kwa maana mtaani kwetu Muhungu hakuna nyumba za kando kwa kando, mlima hauruhusu. Jirani yako ama anakanyaga bati lako au wewe unakanyaga lake. Papa alikuwa mtu wa bureau, wa ofisini. Shati ndani ya suruali, kalamu mbili mfukoni, na mbele ya motere ya gari alikuwa kama mtu aliyeulizwa swali kwa Kichina. Tonton alikuwa mtu wa njia. Alipeleka maharagi na ndizi kutoka Mumosho, alishuka mpaka Sange, akarudi na vumbi jekundu ndani ya masikio.

Tonton na maman Nsimire hawakupata mtoto. Wakaniazima mimi. Nilikuwa na miaka minane, nalala nyumba ya juu na kula nyumba ya chini. Katika jeep kila mtu alikuwa na nafasi yake: tonton kushoto kwenye usukani, maman Nsimire kulia juu ya mto alioushona mwenyewe, mimi katikati, nikisimama, mkono mmoja juu ya bega la kila mmoja. Maman Nsimire alikuwa anacheka bila sauti. Mabega tu yalitikisika, na mimi niliyekuwa nimeyashika nilijua kabla ya wote kwamba mzaha wangu umefika.

Kila Jumamosi asubuhi tonton alifungua kapo, kile kifuniko cha motere, na kuisikiliza jeep kama daktari anavyosikiliza kifua. Hakuwa na vyombo. Alikuwa na ufunguo mmoja wa chuma, uliolala siku zote kando ya batri, na alikuwa na masikio. Alilegeza buloni chini ya delko, kile kichwa cheusi chenye nyaya kama nywele za mtu aliyeamka vibaya, halafu akanibeba niweke mkono.

"Humu ndani njo cheche inapangwa. Zunguza uku: inawahi. Jeep itaanza kugonga meno. Sasa zunguza uku: inachelewa. Unasikia vile inavimba roho? Rudisha. Pole, pole... hapo! Inaimba."

"Haiimbe, tonton. Inakohoa."

"Ni wimbo ya bazee, weye utajua wapi?"

Alikuwa amekwaruza alama mbili kwa msumari, moja juu ya delko na moja kwenye chuma kilicho chini yake. Alama ikikutana na alama, jeep iko sawa. Hilo nililijua kabla ya kujua meza ya kuzidisha ya saba, ambayo hadi leo sijaijua vizuri.

Kisha tonton akafa. Katikati ya wiki, mchana, alishusha gunia, akaketi juu yake kama mtu anayetaka kufunga kamba ya kiatu, akabaki hivyo. Roho ilisimama. Lupango ukajaa. Hema la plastiki likafungwa kuanzia mti wa avoka mpaka paa letu, wanawake kwenye mikeka, wanaume kwenye viti, na kila aliyeingia mlangoni alisema neno lile lile, akishika kichwa: "Amewahi. Zihindula amewahi sana." Mimi sikulia. Nilibeba sahani, nikaigiza namna muzee mmoja alivyosinzia katikati ya rozari, watoto wenzangu wakafa kwa kicheko. Halafu nikamsikia muzee huyo huyo, alipoamka, akiitazama jeep na kusema: "Ile motokari na Zihindula, roho yabo ilikuwa moja."

Mtoto wa miaka minane ana hesabu zake. Tonton amewahi. Roho yake na ya jeep ni moja. Na mimi, peke yangu kati ya watu wote wale waliokuwa wakila wali na kulia, nilijua mahali pa kuzungusha.

Siku ya pili ya kilio, saa ya chakula, nilipanda juu ya bamper. Kapo nikaiinua kwa kichwa. Ufunguo ulikuwa kando ya batri, baridi, na juu yake bado mafuta ya vidole vyake. Nililegeza buloni kwa kuning'inia kwa uzito wangu wote, nikazungusha delko upande wa kuchelewa, unene wa kidole gumba changu. Nikafikiri, nikaongeza kidogo. Nikasema Salamu Maria moja, haraka, nikakaza buloni kadiri nilivyoweza na nikafunga. Nilikuwa nimempa tonton muda. Kuanzia hapo kila mlango wa lupango ulipolia, niligeuka.

Safari ya kwanza baada ya kilio ilikuwa ya Mumosho, kurudisha masufuria tuliyoazima. Papa kwenye usukani, ameshikilia kama anaendesha beseni la maji. Maman Nsimire kulia, juu ya mto wake, amejifunga kikwembe cheusi. Mimi katikati, lakini bega la kushoto sasa lilikuwa la papa, na halikuwa na harufu yoyote isipokuwa sabuni. Kwenye mlima wa kwanza jeep ikakosa nguvu. Ikavuta, ikapumua, watu wa miguu wakatupita na mizigo kichwani wakituamkia. Ndipo ile harufu ikapanda.

"Papa Kasuku," maman Nsimire akasema kwa upole, "kunaunguza huku."

Akanyanyua miguu. Kapeti ya mpira chini yake ilikuwa imelainika, na kambambili yake ikatoka na uzi mrefu mweusi, ukivutika kama jibini. Nilipeleka mkono wangu. Joto lilipanda kutoka kwenye bati kwa mapigo, likija, likirudi, kama pumzi. Upande wa papa bati lilikuwa baridi. Upande wangu, vuguvugu. Chini ya miguu ya maman Nsimire peke yake, moto.

Mngefikiri nini? Mimi nilifikiri: inafanya kazi. Anakuja. Anatoka mbali, anapita polepole ndani ya ile tiyo, bomba la moshi, na kama mume yeyote mwenye akili, anaanza kwa kugusa miguu ya mke wake. Ndiyo maana sikusema. Ningesema, wangerudisha delko, na tonton angekufa kwa kweli.

Papa aliita mafundi wawili, mmoja baada ya mwingine. Wa kwanza akaongeza maji katika radiata na kuondoka kwa heshima. Wa pili akalala chini ya jeep, akaikata silansie, ule mkebe wa nyuma unaomeza kelele, akaichokoa kwa waya na kutoa masizi ya kutosha kupaka mbao za shule yetu yote. Akaichomelea tena. Jeep ikaenda mpaka barabara kubwa, na kapeti ikaanza kunuka.

Hapo ndipo akaja shangazi Faida, dada mkubwa wa papa, kutoka Bagira, na mkoba wake wenye rozari tatu. Shangazi hakuhitaji kulala chini ya motokari. Aliuona ukweli kutoka kwenye kiti cha salon, pale sebuleni.

"Munisikilize. Dreva, haimuunguzi. Mutoto, haimuunguzi. Munazunguka dunia mukitafuta fundi wa nini? Inaunguza mutu mumoja. Aliketi kwenye ile kiti miaka yote, iko baridi. Bwana amekufa, kiti inamukataa."

"Faida, ile ni mécanique tu," papa alisema.

"Mécanique yenye inajua jina ya mujane?"

Maman Nsimire alikuwa mlangoni na sinia la sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, na alikuwa amesikia. Na mimi, kwa kuwa kimya kiliniwasha kama upupu, na kwa kuwa nilitaka kuyaona mabega yake yakitikisika, nikasema: "Bon, maman Nsimire iko na mbabula yake sasa. Tukienda Sange tuweke sombe pale, tutafika imeiva."

Walicheka wote. Hata papa, kupitia pua. Maman Nsimire naye alicheka, mabega yakatikisika kidogo, akaweka sinia mezani. Kabla wiki haijaisha lupango mzima, na malupango mawili ya chini, walikuwa wanasema "mbabula ya mujane". Watoto waliimba wakiruka kamba. Wimbo wangu. Nilijivuna, ninyi. Nilijivuna.

Shangazi akaleta kasiksi, pombe ya ndizi, akaimwaga kidogo kwenye kila gurudumu ili ndugu yake atulie. Halafu akamleta katekista, mzee mwema mwenye shingo ndefu. Waliiwasha jeep, wakaiacha iwake muda mrefu, kwani ndipo "yule wa ndani" angesikia. Katekista akaomba, akafungua kapo, akarusha maji ya baraka. Matone yakaanguka kwenye chuma cha moto ndani.

Tsss.

Moshi mweupe ukapanda, mwembamba, umesimama wima. Shangazi akapiga magoti katika matope na kikwembe chake kizuri. "Nyamuzinda! Mungu wetu! Amejibu! Mumesikia? Amejibu!" Hata katekista alirudi nyuma hatua mbili. Nilikuwa nimemsikia tonton kwa masikio yangu, na aliongea kama mtu anayeumia.

Mkutano wa familia ulikuwa Jumapili baada ya misa. Nataka mjue jambo moja kabla ya mkutano huo. Huko chini yetu, karibu na ngazi za mawe, kulikuwa na mtoto aliyeitwa Kamoto, wa umri wangu. Dada yake mdogo alikufa kwa homa, na mtu mmoja akasema Kamoto alikuwa amemwota kabla. Basi. Wakamtoa nyumbani. Alilala chini ya meza za soko la Kadutu, na sisi tulipomwona tulikimbia tukipiga kelele "Mulozi! Mulozi!", yaani mchawi, na mimi nilikuwa hodari sana wa kuigiza namna alivyotembea. Sikuwahi kuunganisha habari yake na yangu. Kuna mtu mwingine aliyeziunganisha.

Kwenye mkutano, shangazi alisema kwamba maman Nsimire aende kwao Minova apumzike. Neno "apumzike" alilisema mara nyingi. Hakuna mtoto wa kumshikilia, marehemu ameonyesha, na jeep ndiyo inayotulisha maharagi. Papa alianza, "Mimi naona...", akatazama viatu vyake, havikumsaidia. Maman Nsimire alikaa wima. Hakujitetea. Alinitazama mimi, ng'ambo ya salon, kwa muda mrefu, mpaka nikafungua mdomo. Sijui kilichotaka kutoka. Nafikiri kilikuwa "mungoje, bado kidogo, karibu anafika".

"Kasuku! Leo weye pia umekosa maneno?" mjomba mmoja akasema, na watu wakacheka, na nikafunga.

Aliondoka Jumanne kwa motokari ya Minova. Cherehani ndani ya gunia, mto wa jeep chini ya kwapa. Alinifunga kifungo cha juu cha shati la shule, akakibonyeza kama anayepiga muhuri.

"Funga mudomo, Kasuku. Unasikia? Ufunge vizuri."

Nilifikiri ananikanya kwa ajili ya ule mzaha wa mbabula. Nikaona haya mpaka masikioni.

Jumamosi hiyo shangazi Faida alipanda jeep mwenyewe, kwenda Mumosho, aone shamba. Alichagua kiti cha kulia. Alikaa kama askofu. Alivaa sandali mpya za plastiki, za rangi ya dhahabu, na alikuwa akitueleza namna hewa ya lupango ilivyokwisha kuwa nyepesi, tulipoingia mlima. Akanyamaza. Akasogeza mguu. Mguu ukaja, sandali ikabaki.

"Simamisha! Simamisha, anawaka! Yesu wangu, miguu!"

Alishuka mguu mtupu katikati ya njia, watu wa soko wakishuhudia. Ningekuwa na mizaha kumi. Sikuwa na hata mmoja. Niliitazama ile sandali ya dhahabu ikizama polepole katika kapeti, nikafanya tena hesabu zangu: maman Nsimire hayumo, na tonton bado anaunguza. Basi hakuwa anamtafuta yeye. Anamtafuta nani?

Papa aligeuza jeep na kuipeleka mtaa wa Panzi, kwa fundi Byamungu, mtu mfupi mwenye hangari ya mbao na sauti ya mtu anayeongea kanisani. Shangazi alibaki mbali, ng'ambo ya njia, juu ya jiwe, akihesabu rozari. Fundi hakuchukua ufunguo. Alipanda kwanza kwenye kiti cha kulia, akakaa, jeep ikiwaka, mpaka jasho likamtoka. Akashuka, akaenda nyuma, akaweka kiganja kwenye mdomo wa tiyo.

"Inapumua muzuri. Haikuzibana. Ile silansie walipasua bure."

Akachukua kikombe cha maji, akayadondosha juu ya tiyo, tone moja moja, kuanzia nyuma akija mbele. Nyuma, tone lilikauka pole pole. Katikati, lilichemka. Mbele, karibu na motere, tone halikugusa hata chuma. Liliruka, likacheza, tsss, likapotea. Ilikuwa sauti ile ile ya baraka. Nikajificha nyuma ya papa.

"Mufunge milango," fundi alisema.

Hangari ikawa giza katikati ya mchana. Hapo ndipo nilipoiona. Ndani ya jeep, mahali tiyo inapozaliwa kutoka kwenye motere, chuma kilikuwa chekundu. Chekundu hai, kama makala ukiyapulizia, kikipanda na kushuka. Papa alisema neno la Kifaransa ambalo hakuwahi kulisema mbele yangu. Mimi sikuona chuma. Niliona mtu aliyefika mlangoni, akisukuma, na hakuna anayemfungulia.

"Tiyo haina kosa," fundi akasema polepole. "Tiyo inapokea tu chenye inatumiwa. Kosa iko juu." Akawasha torchi ya simu, akainama juu ya delko. "Voilà. Muone alama hizi mbili, zinapashwa kukutana. Mutu alizunguza. Cheche inachelewa. Esansi, ile mafuta, inaungua wakati mulango ya motere imeshafunguka, moto inatokea inje, inaunguza kwenye haikupashwa kuunguza. Tiyo inapita kuume, njo maana mwenye kuketi kuume anateswa. Angekuwa kuku, angeiva." Akachukua ufunguo. "Bon. Turudishe."

Aliweka mkono juu ya delko, na mkono ule ukaanza kuzunguka.

"Apana! Usirudishe! Ukirudisha, tonton atakufa!"

Sikujua kwamba ni mimi mpaka niliposikia kuta zikinirudishia sauti. Nilikuwa nimeushika mkono wa fundi kwa mikono yangu yote miwili. Nikasema yote, kwa mara moja, bila nukta: roho moja, kuwahi, bamper, Salamu Maria. Fundi alimtazama papa. Papa aliketi juu ya tairi kuukuu, na suruali yake ya bureau, kama mtu anayesoma barua mara ya pili.

"Rudisha tu, fundi," alisema mwishoni.

Alama ikakutana na alama. Jeep ikaimba. Naapa, iliimba, ule wimbo wa bazee, na katika giza lile wekundu ukaanza kufifia. Ukawa kahawia. Ukawa kijivu. Kisha fundi akazima, na chuma kikabaki kikigonga peke yake kinavyopoa, tik, tik, tik, kwa nafasi ndefu zaidi na zaidi. Nilingoja kugonga kwingine. Hakukuja. Wengine walimzika tonton siku zile za hema. Mimi nilimzika pale.

Fundi alipofungua milango, papa aliinama mpaka miwani yake ikakaribia kugusa uso wangu. "Usimwambie shangazi. Usimwambie hata mutu. Hata kwa mzaha." Ilikuwa mara ya kwanza kuona papa akiogopa, na alikuwa anaogopa kwa ajili yangu. Shangazi aliambiwa kwamba buloni ililegea njiani. Alisema rozari ndiyo iliyomwongoza fundi.

Kesho yake hatukwenda misa. Tulikwenda Minova, papa na mimi, na niliikanyaga ile kapeti ya kuume njia yote, bila viatu. Maman Nsimire alitoka nyumba ya mama yake akifuta mikono. Papa alisema yale mtu wa bureau husema: kulikuwa na kosa la kiufundi, familia inasikitika, nyumba ya chini ni yake. Alimsikiliza mpaka mwisho. Akafungua mlango wa kulia, akaweka kiganja juu ya bati, akakiacha pale.

"Imepona," alisema. "Asante. Lakini jeep iko na alama yake ya kurudia, shemeji. Miye munirudishe kwenye alama gani? Watoto ya lupango bananiimba."

Papa akatazama ziwa. Mimi nikamvuta maman Nsimire kwa kikwembe, nyuma ya jiko, ambako mahindi yalikuwa yakichomwa, na nikamwambia sikio kwa sikio. Ni miye, maman. Ni miye nilizunguza delko.

"Najua. Nilikuona kwa dirisha. Ulikuwa umeingia ndani ya kapo mpaka kiuno, matako inje."

"Ulijua delko njo ilikuwa inaunguza?"

"Mambo ya motere miye sikujua. Nilijua tu mutoto alifungua motokari ya mufu siku ya kilio, na kisha motokari ikawa moto. Ningesema, wangeacha kuniangalia miye, wangekuangalia weye."

"Sasa ju ya nini haukuacha waniangalie miye?"

Aligeuza hindi moja kwenye moto, akageuza lingine. "Mujane banamurudisha kwabo," alisema. "Mutoto, banamurudisha wapi?"

Niliiona miguu ya Kamoto chini ya meza za soko. Niliona namna nilivyomwigiza. Maman Nsimire akafungia hindi ndani ya jani, akanipa, akanipapasa kifungo cha juu. Nilitafuta mzaha, ninyi mnanijua, niligeuza mifuko yote ya kichwa. Nilitaka mabega yale yatikisike mara moja tu. Hayakutikisika.

Aliturudishia ule mto, mwenyewe akabaki Minova. Papa akauweka kwenye kiti cha kulia, akaona haufai kukaliwa, akauacha peke yake. Mimi nikakaa nyuma. Kwenye milima jeep ilipanda kama mbuzi. Karibu na mji papa akauliza, bila kugeuka, kwa sauti ya mtu anayeuliza kitu cha kawaida:

"Huko mbele, kunapata moto?"

Nikanyoosha mkono kati ya viti, nikaweka kiganja chini ya mto. Nikangoja, nikitamani hata vuguvugu.

"Apana, papa," nikasema. "Ni baridi."